Brugmansia ya kwenye chungu: miaka miwili majani matupu, hatimaye nimejua nilikokosea

Roshani ya Tatu · 9 Februari

Habari za jioni, wapenda maua. Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, na nimeona nilifungulie uzi kamili kwa sababu kila nilipouliza juu juu nilijibiwa juu juu.

Ni brugmansia. Lile ua refu linaloning'inia mdomo chini kama tarumbeta, ambalo jua likizama linaanza kunukia mpaka chumbani. Wengine wanaliita tarumbeta la malaika. Tusilichanganye na mnanaha: ua la mnanaha hutazama juu na tunda lake lina miiba, hili linatazama chini na mti wake ni wa kudumu miaka.

Nililipendea Lushoto kwa shangazi yangu. Ana kichaka chake nyuma ya jiko, hakimwagiliwi, hakipewi mbolea zaidi ya majivu na maganda yanayomwagwa pale, na sijawahi kwenda nikakikuta hakina ua. Alinikatia fimbo tatu, nikazivingirisha kwenye gazeti lililoloweshwa, nikashuka nazo Dar. Zote zilishika.

Naishi Upanga, ghorofa ya tatu, roshani inapata jua la asubuhi. Nilizipanda kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini. Yakaja majani, makubwa kiasi kwamba moja linafunika sahani. Mwaka wa kwanza nikasema bado changa. Mwaka wa pili muuza maua mmoja wa barabarani akaniambia niweke urea. Nikaweka. Majani yakazidi ukubwa, yakakolea kijani. Ua hata moja. Fimbo zikagusa dari, nikazikata nusu. Zikachipua, zikapanda tena, nikakata tena. Nimefanya hivyo mara tatu.

Desemba nilipokwenda Lushoto nilivuta kigoda, nikakaa chini ya kile kichaka nikakikagua tawi kwa tawi. Shina linapanda wima bila tawi, likifika kama usawa wa kifua changu linagawanyika mara mbili kama panda ya manati. Kila upande unakwenda kidogo, unagawanyika tena. Na kwenye kila panda pana tumba. Chini ya panda ya kwanza hakuna ua hata la dawa.

Kisha nikachuma majani mawili, moja la chini na moja la juu, nikayalaza kiganjani. La chini, pande zake mbili zinakutana na kikonyo mahali pamoja, sawasawa. La juu limepindika: upande mmoja unaanzia chini zaidi ya mwenzake, kama mtu aliyefunga vifungo vya shati vibaya. Nikayajaribu majani kumi, ishirini. Ndivyo yalivyo yote.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila nilipokata fimbo zangu nilikuwa nazikata kabla hazijafika kwenye panda, au zikiwa ndiyo kwanza zinataka kugawanyika. Nilikuwa nayatupa maua yangu kwenye jalala kwa mikono yangu.

Sasa nauliza wenye uzoefu. Zile fimbo tatu nimeacha kuzikata, mbili zimeshapata panda mwezi huu. Chungu kiweje? Nizilishe nini? Na je, joto la Dar litaziruhusu, au ni ua la milimani tu?

Nyumbani Njombe · 9 Februari

Dada, hongera kwa kukaa na mti ukautazama. Wengi wanakimbilia dukani kuuliza dawa ya maua kabla ya kuuangalia mti wenyewe.

Brugmansia ina utoto na utu uzima. Shina la chini ya panda ni la kitoto, kazi yake ni kupanda juu tu. Likikomaa linagawanyika, na tangu hapo kila hatua inayopiga inaacha tumba pandani na kugawanyika tena. Fimbo iliyokatwa chini ya panda inaanza safari upya, na kwenye chungu inaweza kufika mita 1.5 na kupita kabla ya kugawanyika. Fimbo iliyokatwa juu ya panda haisahau ilikotoka: inatoa maua ikiwa fupi, wakati mwingine ndani ya miezi michache tangu ishike mizizi. Kwa mtu wa roshani, hiyo ya juu ndiyo ya kutafuta. Ya chini inafaa kwa anayetaka mti mrefu wa uani.

Kwa hiyo kanuni ya kupogoa ni moja. Tafuta panda ya kwanza, funga uzi mwekundu hapo ili hata anayekusaidia nyumbani auone, na mkasi usishuke chini ya uzi huo kamwe. Juu yake acha pingili kadhaa kwenye kila tawi. Hapo mti unarudi na maua.

Kuhusu urea: ina naitrojeni asilimia 46 na hakuna kingine. Mti unaoupa naitrojeni peke yake unajenga majani. Brugmansia ni mlaji mkubwa kweli, kwenye chungu unamaliza chakula upesi, lakini unataka mlo kamili. Mimi natumia NPK 17-17-17, yaani naitrojeni, fosforasi na potashi kwa usawa, kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa kwenye lita 5 za maji. Naloweka usiku kucha maana chembe zake haziyeyuki haraka, asubuhi nakoroga na kumwagia udongo ambao tayari una unyevu. Mara moja kwa wiki mti unapokua. Ukimwagia kwenye udongo mkavu unaunguza mizizi.

Na ndoo ya lita 20 ni ndogo kwa mti wa umri huo. Nenda lita 40 hadi 60.

Kijana wa Kitalu · 10 Februari

Mi naongezea, weka mbolea ya DAP ndo inaleta maua. Fosforasi nyingi ndo siri. Wateja wangu wote nawaambia hivyo.

Nyumbani Njombe · 10 Februari

Kaka, naheshimu kazi yako ila hapa sikubaliani nawe. DAP ni 18-46-0. Haina potashi kabisa, na fosforasi yote hiyo mti hauwezi kuitumia. Ikirundikana kwenye chungu inazuia mizizi kuchukua chuma na zinki, majani machanga yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani. DAP ni ya kupandia shambani, ambako udongo ni mwingi. Chungu ni kasufuria, kila unachotia kinabaki humo.

Kijana wa Kitalu · 10 Februari

Hiyo njano yenye mishipa ya kijani nimeiona kwenye mawaridi yangu. Asante mkuu, nitapunguza.

Mwana wa Pwani · 11 Februari

Mimi niko Tanga mjini, ninazo nne kwenye mapipa yaliyokatwa nusu. Dada ameuliza joto. Jibu langu: pwani inatoa maua, ila kwa majira yake.

Kuanzia Desemba hadi Machi usiku hapa haupoi. Unalala unatoka jasho, na mti nao uko hivyo hivyo. Miezi hiyo yangu inatunza majani na kutoa matumba machache, mengine yanadondoka yakiwa madogo kama kidole. Kipupwe kikiingia, Juni, upepo wa kusi unavuma na usiku unateremka hadi nyuzi 20 au chini kidogo, ndipo yanapokuja kwa wimbi. Mti mzima unafunguka, unanukia wiki nzima, unapumzika, halafu wimbi jingine. Kwa hiyo usikate tamaa Februari, na usianze kuongeza mbolea ukidhani una njaa. Una joto.

Jua la asubuhi ulilonalo ndilo hasa. La mchana linayalegeza majani hata udongo ukiwa umelowa. Na ndoo nyeusi ipigwe marufuku, inachemsha mizizi. Yangu nimeyazungushia gunia la katani, nalimwagia maji pamoja na udongo.

Jambo jingine ambalo watu wa milimani hawalijui: maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vina chumvi. Kwenye chungu chumvi haina pa kwenda, inapanda juu na kuacha ukoko mweupe, kingo za majani zinaungua kahawia, tumba linanyauka. Kama maji yenu ni ya kisima, yaonje. Yakiwa na chumvi, kinga ya mvua kwenye mapipa msimu wa masika, na mara moja kwa mwezi mwagia chungu maji mengi yasiyo na chumvi mpaka yatiririke chini muda mrefu, yaoshe.

Udongo wangu ni sehemu mbili udongo wa juu, moja samadi iliyooza vizuri, moja vumbi la makumbi ya nazi. Hilo vumbi lioshe mara tatu kwanza, nalo lina chumvi.

Roshani ya Tatu · 11 Februari

Kaka yangu, ukoko mweupe ninao. Nilidhani ni mbolea. Maji yetu hapa jengoni ni mchanganyiko, wiki nyingine ya bomba, wiki nyingine ya kisima. Nimekwenda kuyaonja sasa hivi, yana ukakasi. Kesho naanza kuosha vyungu.

Dada wa Hamburg · 13 Februari

Salamu kutoka kwenye baridi. Huku Ujerumani ua hili ni la vyungu tangu zamani, wanaliita Engelstrompete, na kila kiangazi utalikuta mlangoni kwa bibi fulani likiwa na maua kibao. Nimejifunza kwa jirani yangu mzee ambaye anazo tangu ujana wake.

Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa maji. Brugmansia yenye majani mapana hivyo inatoa jasho kama mtu anayebeba mizigo. Siku ya joto mti mmoja mkubwa unakunywa ndoo ya lita 10, nusu asubuhi na nusu jioni. Ukiuacha ulegee mara moja utasimama tena ukipewa maji, na wewe utasema haikudhuru. Kumbe imeshadhuru: matumba yaliyokuwa yanajengeka yanaanguka siku chache baadaye, na hutahusisha mambo hayo mawili. Watu wengi wanaolalamika kwamba mti wao haupati maua, unayapata. Unayaangusha yakiwa madogo kuliko punje ya mahindi, hawayaoni.

La pili, anatoboa matundu makubwa ubavuni mwa chungu cha plastiki, Mei anakizika bustanini chungu kizima. Mizizi inatoka kwenye matundu na kujilisha ardhini, mti unalipuka kwa maua hadi Oktoba. Kabla ya baridi kali anaizungushia koleo, anakata mizizi iliyotoka nje, anakiingiza chungu ndani mahali penye nyuzi 5 hadi 10. Majani yote yanaweza kudondoka, mti uko hai. Barafu ikiukuta nje ndiyo inauua. Mwenye bustani na chungu, hata huko nyumbani, anaweza kujaribu kuzika.

Asiye na ardhi, kama dada wa Upanga, kila mwaka mmoja au miwili autoe mti chunguni baada ya wimbi la maua, akate mduara wa nje wa mizizi kama vidole viwili unene, arudishie na udongo mpya. Mizizi ikishajizungusha kama ukili, maji unayomwaga yanapita pembeni tu.

Baba Wawili · 14 Februari

Samahani kuingilia, nimevutiwa na mimi nataka, ila nina watoto wa miaka miwili na mitano. Nimesikia ni sumu. Na kuna mzee hapa mtaani anasema majani yake yakikaushwa yanatibu pumu kama ya mnanaha. Ni kweli?

Nyumbani Njombe · 14 Februari

Ni sumu yote: jani, ua, mbegu, mizizi, utomvu. Ni jamaa wa mnanaha, wa nyanya na wa tumbaku pia, na ina skopolamini, hiosayamini na atropini. Anayeila anakauka mdomo, mboni zinatanuka, moyo unakwenda mbio, mwili unapata joto, anaanza kuona visivyokuwepo na kutojua alipo. Watu wamekufa. Kiwango cha sumu hakilingani hata ndani ya mti mmoja, kwa hiyo hayupo mzee wala kijana anayeweza kukupimia dawa humo. Asijaribu mtu. Mtoto akitafuna hata kipande, usisubiri dalili wala usimpe maziwa ukidhani yanatosha, mpeleke hospitali na ubebe tawi mkononi ili waganga waone ni nini.

Ukipogoa, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa jicho. Utomvu kidogo tu mboni inatanuka siku nzima. Matawi uliyokata usiwatupie mbuzi.

Kwa umri wa wanao, mimi ningesubiri. Mwenye roshani ya mlango unaofungwa ni habari nyingine.

Baba Wawili · 14 Februari

Nimeelewa. Nitasubiri mdogo afike umri wa kusikia. Nitaendelea kusoma uzi.

Kijani Kibichi · 20 Februari

Ya kwangu (Morogoro) majani yana madoa madogo ya njano, yamepauka, chini yake kuna kitu kama utando wa buibui mwembamba. Ni ugonjwa?

Mwana wa Pwani · 20 Februari

Utitiri mwekundu. Anapenda ukavu na joto, hasa barazani ambako mvua haifiki kuosha majani. Geuza kila jani, piga maji kwa nguvu upande wa chini, siku mbili tatu mfululizo, alfajiri. Ukitumia sabuni ya maji au mwarobaini iwe jioni na iwe hafifu, jani la brugmansia ni laini, linaungua juani. Na mkasi uufute kwa spiriti kila unapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Virusi vya batobato la tumbaku vinaupata huu pia, na havina dawa. Anayevuta sigara anawe mikono kwanza.

Roshani ya Tatu · 4 Mei

Wadau, nimerudi na habari mchanganyiko.

Nilihamishia miti kwenye mapipa ya lita 50, nikaosha udongo, nikaacha urea, nikaanza NPK ya kulowekwa kila Jumamosi. Nilifunga uzi mwekundu pandani kama nilivyoelekezwa. Aprili nikahesabu matumba 11 kwenye mti mkubwa. Kumi na moja! Nilikuwa naamka usiku kuyatazama kwa tochi.

Kisha tukapata msiba Korogwe, nikaondoka siku tatu. Niliyemwachia ufunguo alimwagia mara moja. Niliporudi majani yalikuwa yamening'inia kama nguo kambani. Nikawapa maji, jioni ile wakasimama wote, nikamshukuru Mungu. Siku ya nne tumba la kwanza likaanguka. Hadi Ijumaa yalikuwa yameanguka yote 11. Niliyaokota sakafuni moja moja, bado ya kijani, mabichi kabisa.

Dada wa Hamburg, maneno yako nilikuwa nimeyasoma, lakini nimeyajua sasa.

Dada wa Hamburg · 4 Mei

Pole kwa msiba, mdogo wangu, na pole kwa matumba. Mti haujakasirika. Panda ziko pale pale, zitatoa mengine. Usiongeze mbolea kwa kutaka kufidia. Weka sahani pana chini ya pipa, siku za joto iwe na maji ya kunywa mchana, jioni ukute yamekwisha. Ukiona yanalala humo, yamwage, mizizi isioze. Na funika udongo kwa majani makavu au makumbi.

Nyumbani Njombe · 5 Mei

Pole sana. Kusi inakuja, utafurahi.

Niongeze kitu kilichonigusa nilipokisoma. Brugmansia asili yake ni Amerika ya Kusini, nyingi ni za milima ya Andes, na zipo spishi 7. Zote 7 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imeziorodhesha kuwa zimetoweka porini. Hakuna tena msitu unaozalisha hizi zenyewe kwa mbegu zake. Zinaishi kwa sababu mtu anamkatia mwenzake fimbo, kama shangazi yako alivyokukatia. Kwa hiyo zile fimbo zako kwenye gazeti bichi si jambo dogo.

Roshani ya Tatu · 16 Julai

Yamefunguka.

Wiki iliyopita usiku ulipoa, tukaanza kujifunika shuka, na matumba yaliyokuwa yamesimama tu kwa wiki mbili yakaanza kurefuka kila siku. Jumatatu la kwanza lilikuwa limejisokota kama mwavuli uliofungwa, rangi ya kijani hafifu. Jioni, kama saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa naanua nguo nikaona linaachia. Halikufunguka kwa mkupuo. Ncha moja ilijikunja nje, kisha ya pili, mpaka zote tano zikawa zimegeuka juu kama mikia midogo. Nilipoinua uso chini yake harufu ikanishukia. Nilichukua rula ya mwanangu, sentimita 28.

Leo yako 14 kwenye mti mkubwa na 5 kwenye wa pili. Wa tatu, ule uliokuwa haujapata panda Februari, umeipata Juni, ukiwa na mita 1.7. Na fimbo nyingine nilizokatiwa Lushoto Desemba juu ya panda, zimo kwenye ndoo, hazijafika kiunoni, lakini moja ina tumba tayari. Miezi saba tu.

Jana usiku alikuja nondo mkubwa, anatetema hewani mbele ya ua bila kutua, ameingiza ulimi mrefu. Sikuwahi kumwona nondo wa namna ile Upanga. Tuliita majirani wa ghorofa ya pili wakaja kutazama, tukakaa roshani hadi saa nne tumezima taa.

Nimempigia shangazi simu, nikamwekea video. Akauliza, "Mwanangu, hilo ni letu?" Nikamwambia ni lenu.

Mama Chang'ombe · 17 Julai

Mashallah, dada. Nimesoma uzi wote tangu juu. Nikija Upanga naweza kupata fimbo moja? Sina mtoto mdogo nyumbani, na baraza langu linatazama mashariki.

Roshani ya Tatu · 17 Julai

Karibu sana mama. Subiri wimbi hili liishe, kama siku kumi, nitakata juu ya uzi mwekundu. Fimbo ya unene wa penseli kwenda juu, ya urefu wa kiganja na nusu, ukiona jani limepindika ujue ni yenyewe. Njoo na gazeti, maji yapo. Ila yaonje kwanza ya kwako.